Mkebe Alioufungua Senje

Baba,

Naandika nimesimama, daftari liko juu ya friji, kwa sababu nikikaa nainuka. Ndivyo nilivyo tangu tukuzike, miezi minne sasa. Nabandika chai, naenda dirishani, narudi, nasahau nilikuwa nikitafuta nini. Jirani wa chini anasema ameshazijua hatua zangu, anaweza kukuambia niko jikoni au mlangoni. Ungecheka wewe. Ungesema, "Nekesa, una mbio sana, na mwanga hauna haraka."

Shuleni bado nafundisha sayansi. Wale wanafunzi wangu wa gredi ya saba, ambao kwa ajili yao ulinitengenezea kamera kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, sasa kila mmoja anataka yake. Wanapaka rangi nyeusi ndani, wanatoboa tundu kwa sindano, wanaliziba kwa tepu. Nawaeleza vile ulivyonieleza: mwanga hupita kwa mstari ulionyooka, kwa hivyo unaotoka juu hupenya tunduni ukatua chini, na wa chini ukatua juu. Mmoja akauliza kama basi ndani ya mkebe watu wote wa Kayole wanatembea kichwa chini. Nikamwambia wote, hata mwenye nyumba wetu. Wakacheka sana. Mimi nikageuka nikafuta ubao ambao ulikuwa safi, ili wasinione.

Lakini sikukuandikia kwa sababu hiyo. Nakuzunguka, Baba, kama nilivyokuwa nikikuzunguka nikivunja kikombe. Nataka kukuambia ukweli wa ile picha yako.

Unakumbuka ile Alhamisi alasiri, juu ya nyumba, kwenye kamba za nguo. Ulikuwa umenyoa ndevu, umevaa sare yako ya ulinzi, na ulitaka kuwahi zamu. Ulikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa dakika mbili nzima, umetulia tuli, kwa kuwa kamera ya mkebe ikimpiga mtu anayetikisika inatoa picha kama moshi tu. Shuka la jirani lilikuwa linakupiga sikioni na hukugeuka. Nikaziba tundu, mwanga usije ukaichoma karatasi ya picha iliyo ndani, nikauweka mkebe kwenye rafu tukingoja Jumamosi, maana dawa ya kuoshea picha ilikuwa imekwisha. Ijumaa ukaanguka kazini. Hukufika hospitali ukiwa hai.

Hatukuwa na picha yako nyingine ila ile ya kitambulisho. Ndiyo tuliyoikuza kwa matanga, ile uliyosema unaonekana kama mtu aliyekamatwa. Sikujali. Nilijiambia mkebe uko, Baba yumo. Kila nikipita rafuni nilikuwa naugusa.

Senje Rispa, dada yako, alifika kutoka Bungoma akiwa bado analia, akakuta nyumba imejaa wageni, akaingia jikoni moja kwa moja kupika chai. Kwenye rafu kulikuwa na mikebe mitatu, yote ya manjano, yote sawa. Ule wa tepu alidhani tumeuziba sisimizi wasiingie. Akabandua tepu, akafungua.

"Nilidhani ni sukari, mama," alisema, kifuniko mkononi, na mwanga wote wa mchana umeingia.

Nilimpigia kelele mbele ya wazee wa kanisa. Nilimwambia amekuua mara ya pili. Ndiyo, Baba, nilisema hivyo. Kwa Senje, aliyekubeba mgongoni ukiwa mtoto. Alinyoosha kile kifuniko, akaufunika mkebe mikononi mwangu polepole, kana kwamba bado kuna kitu cha kuokoa.

Sasa sikiliza. Nilipomnyang'anya ule mkebe na kuchomoa karatasi, niliona kitu kabla sijafungua mdomo. Karatasi ilikuwa imegeuka. Mgongo wake ndio ulioelekea tundu, ule upande usioshika picha. Na ulikuwa umenifundisha, wewe uliyeosha picha kwenye studio ya Majengo miaka mingi kabla hujawa mlinzi. Ulisema gizani macho hayana kazi, ulowanishe kidole uguse ukingo wa karatasi, upande unaonata ndio unaoona. "Gusa kwanza," ulikuwa ukisema kila mara, hadi nikaona unanisumbua. Alhamisi ile ulikuwa unaniita kutoka juu, unachelewa, nami niko gizani chini ya blanketi naitia karatasi mkebeni, jasho linanitoka. Nikaipachika tu. Sikugusa.

Hata kama Senje asingeufungua ule mkebe, Jumamosi tungeosha karatasi ya kijivu isiyo na uso wako. Nilijua hivyo pale pale. Nilijua kabla ya kupiga kelele, na nafikiri ndiyo maana nilipiga kwa nguvu vile.

Wiki jana nilienda nyumbani kupanda maua kaburini kwako. Nililala kwa Senje. Amekonda. Nilikuwa nimempelekea unga, sabuni na mkebe wa kakao. Asubuhi akabandika maji, akauchukua ule mkebe wa kakao, akausogeza kifuani, akanitazama.

"Nifungue, mama? Hakuna mtu ndani?"

Hakuwa ananitania, Baba. Alikuwa anaomba ruhusa kwa dhati, jikoni kwake mwenyewe. Nikamwambia afungue, hakuna mtu. Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, nami nikakoroga kakao yangu, nikanywa, nikaulizia habari za ng'ombe. Mchana nikapanda basi nikarudi Nairobi, na tangu hapo kuinuka kwangu kumezidi, siwezi kukaa kwenye kiti kabisa.

Kwa hivyo Jumamosi narudi. Sitapiga simu, kwa simu nitadanganya. Karatasi bado ninayo, imegeuka zambarau kwa mwanga. Nitamkalisha Senje, nimlowanishe kidole, aguse upande mmoja, aguse wa pili, ajue mwenyewe. Halafu nitamwambia ni nani aliyeipachika. Akinitukana nitasikiliza, na akinyamaza nitangoja hapo hapo. Nakuahidi hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Pumzika sasa, Baba yangu. Senje hakukutoa mkebeni. Ni mimi ambaye sikukuingiza.

Binti yako,
Nekesa