Handibreki Aliyoivuta Yeye

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji kaja, kaka yake marehemu mume wangu. Kalizunguka gari, kapiga teke gurudumu la nyuma. Majani yameota mpaka kwenye rimu. Akasema linaoza na anaona uchungu. Jumamosi anakuja na gari la kuvuta. Akilikuta linatembea, nibaki nalo, ni haki yangu. Akilikuta limekwama, analipeleka kwake. Hana ubaya, shemeji. Ila ana macho yale yale ya mdogo wake, nikashindwa kubisha.

Litembee! Tangu siku ile halijasogea hata inchi.

Jioni nikaingia nikakaa kiti cha abiria. Kiti changu. Cha dereva sithubutu.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwita fundi, yule wanayemwita Polepole, na jina limemkaa kweli. Ndiye aliyekuwa akilihudumia gari siku zote. Kaunganisha betri yake, gari likawaka. Ule mlio! Nilidhani naweza kujikaza. Machozi yakanitoka mbele ya mtu na overoli yake.

Akapeleka mkono kwenye handibreki ili alisogeze. Nikapiga ukelele — usiiguse!

Akazima gari. Akauliza iko juu tangu lini. Nikamwambia aliivuta yeye, mume wangu. Siku ile alirudi kutoka kazini mapema, akaegesha, akaivuta, krrr, kama kawaida yake, mpaka sauti nikaisikia jikoni. Akaingia ndani akasema kifua kinambana. Jirani akamkimbiza hospitali kwa gari lake. Ndiyo imetoka hiyo, hakurudi tena. Kitu cha mwisho alichokishika nje ya nyumba hii kwa nguvu zake ni hicho.

Fundi akajifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. Halafu akasema basi tuanzie nyuma. Akapiga jeki. Gurudumu halizunguki hata kwa mikono miwili. Akagonga kwa nyundo, akasikiliza. Mvua zimeingia, kutu imegandisha viatu vya breki ndani ya dramu, lile bakuli la chuma la gurudumu. Hata handibreki ingeshushwa leo, vingeendelea kung'ang'ania.

"Gari halina kosa, mama," akasema. "Liliambiwa likae, limekaa."

Alhamisi, 6 Juni

Nyundo asubuhi nzima. Fundi anagonga dramu pembeni, anapaka mafuta, anasubiri, anagonga tena. Mimi mlangoni, nimeshika tama. Haraka haraka haina baraka, anasema, kila nikimtazama.

Dramu la kushoto, ndilo lililoganda, likatoka! Vumbi jekundu likamwagika. Viatu ni vile vibao viwili vilivyopinda, vinavyobana dramu kwa ndani. Ngozi yake, ile inayosugua dramu, imebanduka na kubaki imeganda kwenye dramu. Kaenda kutafuta vipya. Karudi, kahangaika na springi na koleo, kavifunga.

Dramu likakataa kurudi.

Akalisukuma, akalizungusha, wapi. Akanieleza taratibu, kama anayempa mtu habari mbaya. Viatu vya zamani vililika, hivi vipya vina nyama yote. Na waya wa handibreki bado umevivuta vimetanuka. Dramu haliwezi kuingia mpaka handibreki ishushwe.

Nikamwambia atafute njia nyingine. Akasema nyingine ni kukata waya.

Kukata! Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nikamwacha na spana zake uwanjani. Adabu zangu zimeniponyoka siku hizi.

Ijumaa, 7 Juni

Binti yangu kapiga simu. Kasema, mama, hicho ni chuma tu. Najua ni chuma. Nikamwambia mkono wa baba yako uliishia pale. Halafu tukalia wote wawili, kila mtu na simu yake sikioni, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukata.

Nilikuwa namtania baba yake kwa hiyo handibreki. Kwani unaogopa gari litatoroka? Naye: uwanja huu una mteremko, likishuka litakukuta jikoni, nani atanipikia? Mjinga wangu. Nammiss mpaka mbavu zinauma.

Jumamosi, 8 Juni

Fundi kaja mapema, hata mimi sijanawa uso. Kaweka mawe mbele ya magurudumu. Kasema handibreki yeye haigusi, hiyo ni yangu. Kakaa chini kando ya dramu, kanipa mgongo.

Nikapiga moyo konde. Nikafungua mlango wa dereva, nikaketi. Miguu haifiki kwenye pedali, alikuwa mrefu. Nikaishika. Nikabonyeza kile kitufe cha kwenye ncha.

Hakiingii!

Nikabonyeza kwa gumba, nikabonyeza kwa magumba yote mawili. Kigumu. Nikamwita fundi. Hakugeuka. Akasema ndivyo ilivyo ikivutwa sana. Kwanza niivute juu, kupita alivyoivuta yeye. Hapo ndipo kitufe kitaingia, halafu niishushe.

Kupita alivyoivuta yeye. Mtu kifua kimembana, jasho linamtoka! Nguvu hizo alizitoa wapi? Alikuwa anaumwa vile na bado anahakikisha gari halitanishukia jikoni. Ee Mungu wangu. Na mimi nilikuwa huko huko jikoni, nikisikia ile krrr, nikacheka.

Nimechukua daftari hili kwenye mkoba kwa sababu sijui nifanye nini kingine. Naandikia kwenye usukani. Gari la kuvuta limefika getini, shemeji anapiga honi. Namsikia fundi akimwambia asubiri kidogo, shemeji yako ana kazi.

Nimejaribu kuivuta kwa mkono mmoja huku naandika. Haisogei. Inataka mikono miwili. Naweka kalamu