Soksi za Sufu za Kaka Ezekia

Kimara, Jumapili, Julai 1993

Kumepoa leo. Watu wa Dar wametoa masweta na kulalamika baridi. Siku nyingine ningewacheka.

Asubuhi tumemsafirisha kaka Ezekia kurudi nyumbani, Makete.

Alikuja kwangu kabla ya Pasaka, tayari mgonjwa, biashara yake ya viazi kule Temeke imeshakufa. Hospitali walimpa dawa ya kikohozi, kisha wakamwita mjomba wetu pembeni na kumwambia ni bora arudi kwa mama yake. Ugonjwa wenyewe hawakuutaja. Na sie hatukuuliza. Siku hizi watu hawaulizi.

Jana nilikwenda Manzese kumtafutia soksi. Mwezi huu Makete ni sakitu, umande unaganda juu ya majani kukipambazuka shamba zima ni jeupe. Mtu aliyekonda vile hawezi kushuka kwenye basi na kandambili. Mitumba imejaa sasa, kila kona robota linafunguliwa, na katika kuchambua nikapata jozi moja nzito, ya sufu, inafika magotini, rangi ya ugoro.

Muuzaji akacheka. "Hizi za Wazungu wanaowinda kwenye theluji, ticha. Wewe unaenda kuwinda wapi, Mbezi?"

Nikamwambia ndiyo.

Sie tumewinda kweli. Nilikuwa mdogo, na Ezekia ndiye aliyekabidhiwa mbwa na mkuki wa baba. Tulikuwa tunatoka alfajiri, yeye na viatu vya matairi alivyovishindilia majani makavu, mie peku. Miguu ikishaingia ganzi huisikii ardhi, unatembea kama umesimama juu ya magogo. Na kulia hairuhusiwi, mnyama atasikia.

Siku moja mbwa walimkurupusha pongo. Tulipofika pale alipokuwa amelala, majani yalikuwa yamelalia upande mmoja, yanafuka mvuke. Kila mwindaji anajua maana yake: yuko karibu, kimbia.

Ezekia akanigeukia. "Simama hapo. Upesi, bado pana joto."

Nikasimama. Joto la yule mnyama likanipanda nyayoni, vidole vikaanza kuuma, vikarudi kuwa vyangu. Kaka alisimama kando, mkuki begani, ananisubiri. Mbwa walibweka huko bondeni, mbali, kisha wakanyamaza.

Pongo tulimkosa. Jioni baba alimchapa kwa uzembe, na kaka hakusema hata neno moja juu ya miguu yangu.

Leo asubuhi nilipiga magoti mbele ya kitanda chake. Nikampaka mafuta ya nazi, nikamsugua nyayo na vidole. Baridi tupu, hapa hapa Dar. Nikamvisha soksi ya kwanza, nikamvisha ya pili, nikaivuta taratibu mpaka gotini.

"Mbona huanzi?" akauliza.

"Nimeshamaliza, kaka."

Akainua kichwa, akaitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. "Aa. Zimependeza."

Baadaye kidogo akasema, "Nikipata nguvu nitatoka na mbwa."

"Utatoka."

"Kudanganya hujui, mdogo wangu. Tangu zamani hujui."

Tulisubiri basi pembeni mwa barabara ya Morogoro, kaka kakaa juu ya begi lake, kamwegemea mjomba anayemsindikiza. Kondakta alipomwona akasita mlangoni. "Mzee, huyu akinifia njiani?"

"Hakufii," mjomba akasema. "Amechoka tu."

Tulimbeba mpaka siti ya nyuma. Mwepesi! Alinishika mkono kupitia dirishani.

Basi lilipoondoka nilishusha pumzi.

Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Nilijisikia nimetuliwa mzigo. Nilibaki kwa kuwa mwalimu mkuu alisema mitihani ya majaribio imekaribia, na sababu ile niliipokea haraka mno.

Jioni hii Mama Salma, jirani yangu, kaja na bakuli la uji kama kawaida yake. Tangu kaka aanze kuugua hajakosa, wakati wengine hata kikombe chetu hawakigusi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa kashindaje?"

"Ameshaondoka, mama."

Akaliweka bakuli chini. Akajishika kichwa. "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun..."

Nilipaswa kumkatiza hapo hapo. Kaondoka na basi, ni maneno matatu tu. Mdomo ukagoma. Nikamwacha amalize, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akaniambia pole, na mie nikaitikia. Nikaitikia kabisa, "asante," kama mfiwa.

Ndipo nikaogopa.

"Yu hai, mama," nikasema. "Yumo kwenye basi na mjomba. Yu hai."

Akaliokota bakuli, akaliweka mezani. Hakukasirika.

"Sasa mbona wewe uko hapa?"

Uji umepoa mezani. Nimekwisha kukunja nguo mbili na sweta. Kesho asubuhi nitasimama pale pale barabarani, na mwalimu mkuu atapata habari zangu kwa walimu wenzangu, nikiwa nimeshavuka Chalinze.

Mungu anifikishe kaka akiwa bado anaweza kunigombeza.