Kiti cha Simone

Nchelenge, tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa Yaya Fidélie, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu toka huku ngambo ya ziwa. Goti lako linaendelea namna gani? Na Chouchou, bado anakohoa? Sisi tuko wazima, Mungu asifiwe. Ni moyo tu unaotembea polepole.

Uliuliza masomo, ile shule aliyosomea Simone wangu, ni ya namna gani. Ni chumba kimoja nyuma ya kanisa. Wakubwa na wadogo wanakaa pamoja, wakubwa wanawafundisha wadogo kusoma. Kila mutoto anakuja na kiti toka kwao. Kiti kikiingia, ameandikishwa, akihama, anakibeba. Asubuhi Mwalimu Levy anahesabu viti, hahesabu vichwa.

Tangu nianze kupika uji pale, nina hamu ya kujua ni watoto wa nani. Serikali ikifunga ziwa ili samaki wazae, watoto wa wavuvi Wabemba wanakwenda mashambani na viti vyao, wanabaki wa kwetu Wakongomani. Ziwa likifunguliwa, wanarudi, na wengine wapya toka kisiwa cha Kilwa, humu ziwani. Mwaka huu wasichana wamepita wavulana. Sijui ni kwa nini. Wewe unawaza nini?

Kiti cha Simone sikukichukua tangu tulipomuzika. Watoto wanakipanguza vumbi, na Mwalimu anakihesabu kila siku. Kukitoa kulimushinda, hata mimi kulinishinda.

Wiki hii akafika Chama, mutoto musichana wa kisiwani, pamoja na bibi yake, mikono mitupu. Bila kiti hana nafasi. Alisimama mulangoni. Mwalimu akanitazama.

Nikaweka sufuria chini, nikakishika kile kiti. Nikaona samaki ambaye Simone alimuchora kwa musumari. Yaya, nilitaka kukipeleka nyumbani.

Chama akaniuliza polepole, “Mama, mwenyewe atarudi?”

“Hapana, mama,” nikamuambia. “Ukae. Lakini muguu mumoja wa kiti unacheza, uegemee kushoto.”

Nisalimie Hénoc na Mama Kabamba, umuambie simusahau. Mungu awafunike kwa mukono wake, nyumba nzima.

Juzi nilichungulia dirishani. Chama anakaa ameegemea kushoto, sawasawa na Simone.

Mimi mudogo wako, anayekupenda hata mbali,

Ngalula