Mke wa Mwezi

Jumatatu, 15 Mei 1972
Sombe ya majani ya muhogo imetwangwa, mchele umepetwa. Asubuhi uji ni wangu, jioni Wabiwa anapika nyumbani kwake. Ndivyo tulivyogawana mume tangu alipoolewa.

Magharibi mwezi mwembamba ulikaa karibu na Zuhura, juu ya mabati ya karakana ya reli. Nikamwambia Wabiwa: nyota yangu ile, marehemu baba alinipa jina lake. Akacheka. Kwao Pangi ni mke wa mwezi. Mwezi ana wake wawili, wa jioni anamlisha hadi ananenepa, wa asubuhi mchoyo, anamkondesha. Nikacheka nami. Baadaye sikucheka.

Jumapili, 28 Mei
Mume wetu Saidi hali chakula. Macho manjano, suruali ya kazi inamteleza kiunoni. Hospitali wanasema ini, apumzike, ale. Ale nini? Wabiwa amesimulia hadithi yake kisimani, makusudi anichafue, sasa majirani wananiita nyota ya asubuhi. Leo nimemchukia.

Alhamisi, 8 Juni
Wifi amefika kutoka Lokandu. Kaka yake anakufa njaa mikononi mwangu, anasema. Keshokutwa anamchukua kwa mtumbwi. Mtu asiyeweza hata kukaa, siku nzima juani! Akipanda hatarudi. Nimesema, lakini nani amsikilize mke mchoyo?

Jumamosi, 10 Juni
Mtumbwi ulikuwa tayari. Wabiwa akasimama mlangoni, mbele ya wifi na majirani wote.

“Chakula yangu anatapika yote, wiki tatu sasa. Nilificha juu ya kuona haya. Uji ya yaya Zuhura tu njo inabakia mu tumbo. Mukimutosha hapa, mukimupeleka Lokandu, munamuua.”

Mwanamke kukiri hadharani kwamba mumewe anatapika chakula chake. Mimi nisingeweza. Wifi alikaa chini, akaomba maji. Mtumbwi umekwenda bila mgonjwa. Nimemshukuru Mungu, kisha Wabiwa. Kwa Wabiwa nililia.

Jumatatu, 19 Juni
Nyota haionekani jioni, siku ya nane leo. Wabiwa anapika jikoni kwangu, nimemwonyesha uji unavyokorogwa. Saidi ameomba samaki. Naogopa kufurahi.

Jumanne, 27 Juni
Saidi amekaa barazani, amenyolewa ndevu. Tumemsimulia habari ya wake wa mwezi, akatucheka mpaka akakohoa. Nyota ni moja tu, anasema. Miaka yote anaunganisha mabehewa, zamu ya jioni na zamu ya alfajiri, ameiona: ikipotea huku jioni, siku chache inatokea kule alfajiri. Wabelgiji, wakubwa wake wa zamani kazini, waliiita nyota ya mchungaji. Kondoo wa hapa Kindu sijui wako wapi! Mwaka huu serikali inabadilisha majina ya watu, hata mimi nimeitwa ofisini. Nyota bado hawajaifikia.

Wabiwa alitazama chini. “Basi wazee wetu walisingizia muke wa watu bure.”

Nami nilimsingizia mmoja, hapa hapa, kwenye daftari hili.

Jumamosi, 8 Julai
Alfajiri. Mwezi umekonda, Zuhura iko ubavuni mwake. Nilichelewa kuamka. Nimemkuta Wabiwa amekwisha washa moto na kukoroga uji. Saidi anarudi kazini leo. Amekunywa bakuli mbili, hakuuliza ni wa nani.