Mstari wa Chaki kwenye Mbavu za Baba

S.L.P. 218,
Mabatini,
Mwanza.
6 Oktoba, 1974.

Mpendwa Dada Kokushubira,

Shikamoo Dada. Habari za Mpwapwa, na wanafunzi wako hawajambo? Natumaini kile kikohozi kimekuacha na kwamba maji mmeyapata, maana hapa tunasikia ukame wa huko kwenu ni mkali zaidi. Sisi tunakula unga wa njano kama watu wote. Mama Mdogo Dorotea anausonga huku ananung'unika, na Baba, unavyomjua na ndizi zake, anamega tonge moja anasema ameshiba. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Nimechoka hata kalamu naiona nzito.

Uliniuliza kama Baba anaweza kungoja likizo yako ya Desemba, au uombe ruhusa uje sasa. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu sikuwa nalo. Kila nikimuuliza, anasema dawa za hospitali zinamfaa. Daktari naye huzungumza naye peke yake, kwa kuwa Baba mwenyewe ndivyo alivyotaka.

Nianze na yangu, kwani yameshikana na yake. Nilianguka mtihani wa anatomia, lile somo la viungo vya mwili. Najua utasikitika, wewe uliyewatangazia walimu wenzako kwamba mdogo wako anasomea utabibu. Jumatatu ijayo narudia, na nikianguka tena chuo ndiyo basi.

Kilichoniponza ni kujiamini. Unakumbuka nilivyokuwa nikimfuata Baba kwenye harusi za kwetu, yeye akichinja na kugawa nyama, mimi nimeshika miguu ya mbuzi. Basi wenzangu walipokuwa wakihangaika na vitabu, nilijiona mwili naujua tangu utoto. Mwalimu akaniwekea mfupa mkononi. Nikasema ni ubavu. Kumbe ni mtulinga, huu unaotoka chini ya shingo kwenda begani. Mbuzi hana mtulinga, Dada! Darasa zima lilicheka. Rafiki yangu Maige, Msukuma mmoja wa Magu, mpaka leo akiniona ananiuliza zizini hawajambo.

Baba aliposikia hakucheka. Alisema, "Basi mbuzi wangu ndio waliokuangusha. Njoo ujifunze kwangu." Akaanza kufungua vifungo vya shati. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona Baba kifua wazi. Mama Mdogo alitoka nje akaurudisha mlango. Nilitaka kukataa, lakini alinitazama kwa lile jicho lake, nikakaa.

Tangu hapo nikitoka chuoni tunasoma. Kukariri kurasa hakukunisaidia kitu. Sasa nafunga kitabu, naushika mfupa kwenye bega lake, nautaja, kisha nautafuta kwangu mwenyewe. Baba hanipi nafasi ya kupumua. Anataka nimweleze kwa maneno anayoyaelewa huo mfupa una kazi gani, na nikibabaika ananiambia, "Hujui wewe, rudi kitabuni." Baadaye nachora bila kutazama popote, na Maige anasahihisha bila huruma. Kilichoingia kwa njia hiyo hakitoki, nakuambia kweli.

Ila ipo sababu nyingine ya kujifunza upesi, nayo inaniuma. Baba amekonda. Mfupa ambao kwa Maige naupapasa mpaka ananifokea, kwa Baba nauona nikiwa bado mlangoni.

Jana tulifika tumboni. Chuoni huwa tunachorana kwa chaki juu ya ngozi, ili tujue kila kiungo kinaanzia wapi na kuishia wapi. Nikachora mstari kufuata ukingo wa mbavu za kulia, nikamwambia, "Ini linaishia hapa, Baba. Chini ya hapa mkono hautakiwi kukuta kitu kigumu." Nikaweka vidole chini ya mstari nimwonyeshe. Nikakuta kitu kigumu. Nikashuka, bado kipo, kina vinundu, kinakaribia kitovu. Nikajifanya nimesahau jambo, nikarudi juu kwenye mbavu.

Baba aliushika mkono wangu akaurudisha palepale. "Umefika," akasema. "Daktari ameshaniambia, mwanangu. Mimi ndiye niliyeshindwa kukwambia." Nililia mbele yake, Dada, sikuweza kujizuia. Yeye alijifuta chaki taratibu, akavaa shati, akaniambia nimwite Mama Mdogo atuletee chai.

Kwa hiyo usingoje Desemba. Mwonyeshe mwalimu mkuu barua hii kama atasita kukupa ruhusa. Ukinikosa stesheni, ujue niko kwenye mtihani, na Maige atakupokea. Nilitaka kuuacha, Baba amekataa katakata. Leo baada ya misa ameniuliza mishipa ya mkono, na nilipokosea mmoja alinirudisha mwanzo.

Nisalimie Shemeji Lwakatare, na Mwalimu Teodora umwambie vile vitabu vyake ninavyo salama. Mama Mdogo anakusalimu sana. Mungu akutangulie njiani, akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Baba naye anakusalimu. Ameniona nikiandika, akanituma nikuambie kwamba yeye hajambo. Nimemkatalia.

Mdogo wako akupendaye daima,

Josephat Rugemalira