Nani Atanibebea Maneno kwa Kaka

Jumatano, 7 Juni

Semina ya kwanza, ukumbi wa kanisa. Mwalimu Seini katoka Auckland kuja kutufundisha kuzungumza na watu wetu. Mtazame mwenzako machoni. Sema unavyojisikia, usimlaumu. Kisha nyamaza, umsikilize. Nilikaribia kucheka — umri huu nafundishwa kuongea! Lakini nimeandika yote.

Nimekwenda kwa ajili ya Semisi. Kaka yangu wa pekee, nyumba ya pili kutoka hapa, na tangu tumzike mama sijapata neno lake. Kila mwaka viazi vikuu vya kwanza vya shamba lake vilikuwa vyangu, heshima ya dada. Mwaka huu nimeviona vikipita barabarani kwenda kwa mchungaji. Na Jumatatu anapanda ndege kwenda Australia kuchuma matunda. Inaniuma.

Alhamisi, 8 Juni

Hatujagombana. Hatujawahi kugombana. Wala hatujakaa chumba kimoja wawili tu tangu abalehe — kwetu Tonga kaka na dada hawafanyi hivyo. Mama ndiye alikuwa njia. Nikiwa na jambo namwambia yeye. Jioni anakwenda kwa Semisi, anakunywa chai, anarudi na jibu. Kaka yako anasema kikohozi chako kimezidi, uache kufua kwenye baridi. Nami nilidhani mama anapenda umbea tu!

Sasa nani atabeba? Nimemjaribu wifi Finau, mke wake. Neno zito likipita kwake linafika limekuwa salamu.

Ijumaa, 9 Juni

Nimeharibu.

Nilikwenda. Finau alinikaribisha uani, nikampita, nikaingia mpaka chumbani. Semisi anafunga begi. Nikasimama mlangoni, nikamtazama machoni kama nilivyofundishwa. Kaka, najisikia umenitupa. Kisha nikanyamaza nimsikilize.

Hakuna cha kusikiliza. Kichwa chini, shati mkononi, jasho. Mwanamume anayebeba gunia la magimbi kwa bega moja, ananiogopa mimi. Akatokea dirishani. Mlango nilikuwa nimeuziba.

Finau kashika mdomo. "Wifi, umefanya nini? Si ungenituma mimi?"

"Ungemwambia nini?"

"Ningemwambia dada anakusalimu."

Ona.

Jumamosi, 10 Juni

Semina sikwenda. Mwalimu Seini kapiga simu, ameuliza kama nilijaribu. Nikasema ndiyo. Akanipongeza, eti hatua ya kwanza ndiyo ngumu. Nikakata simu. Nimelia nikikuna nazi.

Jumapili, 11 Juni

Finau alinipitia twende kanisani. Nikamwambia kichwa kinauma. Uongo. Nilimsindikiza kwa macho, yeye na mwavuli wake, mpaka akaingia. Kwaya imeshaanza.

Kisha kishindo nje, kwenye tanuri la mawe. Nimechungulia kwenye dirisha la jikoni. Semisi! Kanipa mgongo. Kiunoni kafunga mkeka wa msiba, ule mkubwa uliochakaa tunaoufunga tukiomboleza. Miguuni kikapu cha viazi vikuu.

Akasema kwa sauti, anautazama mgomba: "Finau, mwambie dada sijamtupa. Viazi mama ndiye alikuwa akivipeleka. Mwaka huu sikujua nivipitishe wapi."

Nikashika ukingo wa sinki.

"Mwambie na mimi kila jioni nachemsha chai ya mama. Inapoa, naimwaga."

Finau yuko kanisani. Semisi anajua. Huo mgomba hauna mtu nyuma yake.

Nimekaa chini ya dirisha na daftari hili kwa sababu mdomo umekataa. Nilikuwa na mengi. Yote yameyeyuka, yamebaki machozi. Yeye hajaondoka. Anangoja jibu, na kesho asubuhi anaruka.

Nimejaribu: Finau.

Mabega yake yameshtuka. Hajageuka. Nashukuru hajageuka.

Finau, mwambie kaka —