Mahali Anaposimama Juno

Harlow, Vermont
Aprili 1886

Kaka yangu mpenzi Orrin,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu Hettie. Je, kifua chake kimepoa tangu theluji iyeyuke, au bado anakohoa na kukataa dawa kama mtoto? Mwambie asali tunayochemsha kwa utomvu wa miti mwaka huu imetoka nzuri, nami nimemwekea mtungi wake. Sisi hapa ni wazima wa mwili. Moyo wangu ndio si mzima, na nitakueleza kwa utaratibu, maana nikianzia mwisho utasema Lavinia amerukwa na akili.

Hoteli inakwenda. Wageni ni wale wale, wachuuzi wa sindano na saa na miwani. Wanakula pai yangu, wanaisifu, wanalala, na asubuhi wanataka kufikishwa stesheni ya Millbrook. Mzee Ezra ndiye dereva wetu, lakini msafiri akiwa peke yake shemeji yako Ansel humpeleka mwenyewe, na farasi ni Juno, yule jike wa kijivu. Huacha hata chai yake mezani. Watu humsifu kwa hilo, nami nilikuwa najivuna: nani mwingine ana mume mkarimu namna hii?

Juzi mgongo ulimlaza Ansel kitandani. Pipa letu la unga lilikuwa linangoja stesheni, na Ezra alikuwa amepeleka familia moja milimani. Nikasema nitakwenda mimi. Akasema ningoje apone, unga haukimbii. Nikamjibu kwamba wageni hawali subira. Basi akaniambia nichukue farasi yeyote, ila Juno nisimguse. "Atakubwaga mtaroni, mwanamke wewe, nani atanipikia?" Unanijua, Kaka. Ukinikataza kitu ndipo mikono inaponiwasha. Dawa ya daktari ilipompa usingizi, nikamfunga Juno garini nikaondoka.

Unakumbuka mchungaji wetu aliponunua farasi wa marehemu muuza pombe? Kila kwenye kilabu farasi anasimama, na mchungaji yuko juu na Biblia yake, na walevi wanamwita, "Karibu ndani, Mchungaji, leo umechelewa!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ndivyo farasi wa gari alivyo. Haambiwi, husimama pale alipozoea kusimama.

Tulipovuka daraja la kiwanda cha ngozi, Juno aliiacha barabara. Nilivuta hatamu, akaniona mjinga. Akashika kijia cha lile tanuri la chokaa, ambalo halijawashwa tangu tukiwa watoto, akapita vichakani hadi kwenye kisima kikavu, akasimama. Akapumzisha mguu mmoja wa nyuma na kuinamisha kichwa, kama anavyofanya mlangoni petu mgeni anapochelewa kutoka. Kwenye mti palikuwa na pete mpya ya chuma ya kumfungia. Kisima kimefunikwa kwa mbao mpya, na juu ya mbao yamepangwa mawe. Nilimchapa, nikambembeleza, hakutikisika. Alikuwa anamngoja mtu amalize shughuli yake.

Sikushuka, Kaka. Mwishowe Juno aligeuka mwenyewe, kwa wakati wake, na hakwenda stesheni. Alishika njia ya nyumbani, mbio, kama aliyemaliza kazi.

Nilimkuta Ansel ameamka. Hakuuliza habari za unga. Aliniuliza Juno amekwendaje, maana alimsikia akiingia. Nikasema vizuri. "Hakusimama popote?" Nikasema hakusimama popote. Akacheka, akanibana shavu, akaniambia kwa farasi mimi kweli ni binti wa baba yangu. Kisha akauliza unakuja lini kututembelea, na kama umewaambia watu wa huko unakoelekea. Akataka nikuandikie uje peke yako, Hettie abaki na kifua chake, naye atakupeleka stesheni mwenyewe siku ya kuondoka.

Sasa nikuambie lile linaloninyima usingizi. Vuli iliyopita alikuja hapa Bi Lathrop, mke wa muuza miwani, akimtafuta mumewe. Nilimkalisha, nikampa chai, nikamwapia kwamba mumewe aliondoka mzima na akapanda treni, kwa sababu Ansel alisema hivyo. Alinishukuru huku akilia. Nimejaribu kujidanganya kwamba labda ni mmoja tu, labda waligombana njiani, labda ni ajali iliyofichwa. Lakini farasi hajifunzi kituo kwa safari moja.

Naogopa, Orrin. Naogopa, na bado nampa mume wangu supu kwa kijiko.

Usije. Ukipata barua nyingine yenye mwandiko wangu ikikukaribisha, usije. Nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, waje wafunue kile kisima.

Jana nilimsugua Juno matope hadi kwato. Sikukumbuka magurudumu. Matope ya huku kote ni meusi, unajua, isipokuwa kule kwenye chokaa, ambako ni meupe. Na sasa hivi, kutoka dirishani, namwona Ansel uani, na mgongo wake ule mbovu, ameinama kwenye gurudumu analikwangua kwa ukucha.

Mjane Sprague yuko jikoni anamalizia chai, anakwenda kwa gari lake kwa bintiye huko kwenu. Nampa barua hii, na nitamwomba anichukue na mimi, hivi nilivyo, na aproni yangu. Akifika nami utanicheka kwa woga wangu, na nitafurahi kuchekwa. Barua ikifika peke yake, waambie waanzie kisimani.

Mbusu Hettie. Mungu awalinde wote wawili.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Lavinia